Maji ya Zamu ya Usiku

Jumanne, 11 Machi 2025, baada ya daku
Nimekula nimesimama. Kitoto kimezaliwa kabla ya kutimiza miezi saba, pumzi inakatika. Nimempelekea mama yake amwone. Akanishika mkono. "Nesi, mbatize." Mimi Mwislamu, nikamwambia. "Najua. Mbatize." Padre simu haipatikani. Mama mwenyewe hawezi kuinuka, mshono mbichi. Basi. Maji utosini mara tatu, yeye akinitangulizia maneno: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Mkono haukutetemeka. Sasa ndio unatetemeka.

Alhamisi, 13 Machi
Kipo! Mililita mbili za maziwa kwa mpira.
Nimemwambia mama yangu, tukisubiri kufuturu. Kimya. Mpaka adhana. Kisha: "Hukubadili dini, umemsikiliza mzazi." Akanisogezea uji. Ameridhika? Sijui.

Jumatano, 9 Aprili
Padre wao kapiga. Nilijiandaa kugombezwa. Kumbe maswali tu. Yalikuwa maji matupu? Yaligusa ngozi, yakatiririka? Ulitamka nini? Ulikusudia nini? Hapo nikakwama. Nilikusudia alichotaka mama yake, nikasema, vile Kanisa lenu linavyofanya. "Yatosha." Eti penye hatari ya kufa yeyote aweza kubatiza, hata asiyebatizwa. Na ubatizo haurudiwi. Anaandika kwenye daftari la parokia.
Maji ya bomba la wodini! Siamini wanachoamini, na bado nilichofanya kimeshika, wala hakikuuliza imani yangu. Linanisumbua hili. Linanifurahisha pia, nisijidanganye.

Jumapili, 27 Aprili
Kanisani kwao, benchi la nyuma kabisa. Nilidhani padre atamwaga maji upya, kuondoa shaka. Wapi. Mafuta ya krisma, kitambaa cheupe, mshumaa ukawashwa kutoka ule mkubwa wa Pasaka. La maji kalipita, limekwisha hilo. Msimamizi ni shangazi mtu, sharti awe Mkatoliki. Mimi sina cheo.
Nyumbani kwao pilau. Kuku kachinjwa na jirani Mwislamu, wamenihakikishia kabla sijauliza. Nimempakata mtoto. Kilo mbili! Bibi yake akauliza, huyu naye ni nani kwetu? "Ndiye aliyembatiza," mama mtoto akajibu. Bibi akaitazama hijabu yangu, akamtazama mjukuu, akaniongezea paja la kuku.