Mchoro sahihi, mahali pasipo pake

Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo sisi waandishi wa programu hatufundishwi mara nyingi: mchoro wa CAD unatokaje kwenye tarakilishi na kukaa mahali pake juu ya ardhi?

Anayechora nyumba huanzia popote. Kona moja ya ukuta anaiita 0,0, ukuta mrefu anaulaza sambamba na ukingo wa karatasi, kisha anachora kwa milimita. Mchoro huo unaweza kuwa sahihi kabisa, ila haujui kama uko Thika au Voi. Ili ukae ardhini unahitaji mambo manne: kusogezwa mashariki, kusogezwa kaskazini, kuzungushwa, na kukuzwa au kupunguzwa. Kwa wapenzi wa hesabu:

E = a·x − b·y + c
N = b·x + a·y + d

Herufi nne hatuzijui: a, b, c na d. Kila alama unayoijua kote kuwili, kwenye mchoro na ardhini, inakupa milinganyo miwili. Kwa hivyo alama mbili zinatosha. Amri ya ALIGN kwenye AutoCAD hufanya hivyo hivyo: unabofya alama ya kwanza na mahali inapotakiwa kwenda, halafu ya pili, na mwishoni inakuuliza kama ibadilishe ukubwa wa mchoro.

Mtego uko hapo. Ukikubali ibadilishe ukubwa, alama mbili zitaingia mahali pake kila mara, hata kama moja ni ya uongo. Hakuna wa kuzipinga. Mimi hugeuza milimita kuwa mita kwanza, yaani nazidisha kwa 0.001, halafu nakataa kubadilisha ukubwa. Umbali kati ya alama hizo mbili usipolingana, najua mapema. Kisha natafuta alama ya tatu, ambayo sikuitumia kabisa. Hiyo ndiyo shahidi.

Kwa nini nasumbuka hivi? Kamati ya wakazi wa mtaa mmoja pembezoni mwa Nairobi iliniletea faili ya barabara inayopangwa. Mtu alikuwa ameitandaza juu ya picha ya setelaiti, na barabara ikapita katikati ya safu ya nyumba na shule ya chekechea. Mtaa mzima ulikuwa unangoja alama ya X nyekundu ukutani. Mama mmoja alikuwa ameshasimamisha fundi wa plasta. "Kijana wa kompyuta, hebu tuangalilie," akaniambia mwenyekiti.

Mchoro wenyewe ulikuwa safi, na ulikuwa na jedwali la nambari za bikoni. Nambari nazo zilifanana na za Nairobi katika mfumo wa UTM: katikati ya jiji utapata mashariki kama 257,000 na kaskazini kama 9,857,000. Kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe hupewa 10,000,000 ili tusipate nambari hasi, kwa hivyo tuko kama kilomita 143 chini yake. Kilichokosekana ni neno moja tu: nambari hizi zimepimwa kwa datamu gani?

Ramani nyingi za Kenya zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960. Jina hilo linatokana na tao la longitudo ya 30 mashariki, lililopimwa kutoka Afrika Kusini hadi Misri, pengo lake la mwisho likazibwa mwaka 1954. Arc 1960 hutumia umbo la dunia liitwalo Clarke 1880. GPS na picha za setelaiti hutumia WGS 84. Dunia ni ile ile, lakini kitovu kimehama. Ukisoma nambari za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, hapa Nairobi mchoro wako utakaa takriban mita 300 kaskazini na mita 90 magharibi ya mahali pake.

Tukamwita mpima ardhi, tukatembea naye tukitafuta bikoni zilizotajwa kwenye jedwali. Tulipata tatu. Zote tatu zilitofautiana na GPS kwa kiasi kile kile na kwa upande ule ule. Hiyo ni dalili ya datamu. Kama tofauti ingekuwa inakua kadiri unavyokwenda mbali, ningeshuku ukubwa au mzunguko.

Tuliposahihisha, barabara ilihama ikaangukia ukanda mtupu ulioachwa tangu ploti zilipokatwa. Fundi wa plasta alirudi kazini. Lakini nyua za majirani wawili zilibaki ndani ya barabara, na wenyewe wakaambiwa hivyo hivyo. Hesabu haina upendeleo.

Kwa waandishi wa programu, nina onyo la ziada. Namba ya desimali ya biti 32, ikishapita 8,388,608, haiwezi tena kushika sehemu za mita. Inaruka mita moja moja. Kaskazini ya Nairobi iko juu ya hapo. Ndiyo maana mistari hutetemeka kwenye skrini ukikaribia. Tumia biti 64, au toa nambari kubwa isiyobadilika kabla ya kuchora.

Kumbuka pia kwamba longitudo ya 36 na ikweta zinaigawa Kenya katika kanda nne za UTM. Kisumu na Eldoret ziko kanda ya 36, Nairobi na Mombasa ya 37. Na michoro ya zamani ya mipaka mara nyingi iko katika mfumo wa Cassini, mingine kwa futi.

Ombi langu kwa wanaochora ni mstari mmoja tu pembeni mwa karatasi: "Arc 1960, UTM 37 Kusini, mita." Ukipenda msimbo, andika EPSG 21037, kama ni WGS 84, andika 32737. Kuandika hivyo ni kazi ya sekunde kumi. Nasi tunaopokea faili tusikubali kuitandaza popote kabla ya kuuliza.