Saa ya Kipa Mkono na Namba Zilizo Nyuma Yake



Bibi yangu ana saa ya mkono ya kiume, Seiko 5. Siku zote husema ni kipa mkono chake: usiku wa harusi, mwaka 1973, marehemu babu aliivua mkononi mwake akampa. Alipotangaza kuwa atamzawadia bwana harusi wangu, ami akasema ngojeni kwanza. Kwa alivyosikia yeye, saa ile ilikuwa ya baba yake babu, aliyefariki 1970, na haikugawiwa. Ikiwa hivyo ni mali ya mirathi, ina wenyewe wengi, na Bibi hana ruhusa ya kuitoa. Ami hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa dhima, na mimi pia sikutaka mume wangu aanze maisha na haki ya mtu mkononi.

Tukaipeleka kwa fundi. Nilidhani ataanza na uso wa saa, lakini aliipindua. Akanieleza kuwa namba ndogo zilizo chini kabisa ya uso ni za uso wenyewe, na wengi huzichukua wakadhani ndiyo modeli. Modeli ya Seiko za zamani imechorwa kwenye mfuniko wa nyuma: tarakimu nne, kistari, kisha nne nyengine. Nne za mwanzo ni mashine, nne za mwisho ni kasha. Yetu ilianza na 6119, mashine ya vito 21 isiyohitaji kutiwa ufunguo, maana hujijaza kwa mwendo wa mkono.

Chini yake kuna namba nyengine ya peke yake. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Mwezi wa 1 hadi wa 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha O ni Oktoba, N Novemba, D Disemba. Yetu ilianza 2D.

Mbili ya mwaka gani? Seiko 5 zilianza 1963, kwa hiyo 1962 haimo. Mashine ya 6119 ilitumika mwishoni mwa miaka ya sitini hadi katikati ya sabini, kwa hiyo 1982 nayo haimo. Ni Disemba 1972.

Ami, Mungu amhifadhi, hakukubali haraka. Akasema mfuniko unaweza kubadilishwa. Kweli, mafundi hubadilisha. Fundi akaifungua mbele yake, na juu ya mashine tukasoma 6119 ile ile. Tena mfuniko umechakaa sawasawa na kasha.

Kwa hiyo saa haikuwepo duniani alipofariki baba yake babu. Lakini hilo halithibitishi kuwa Bibi alipewa. Huenda ilibaki mali ya babu, na hapo Bibi angekuwa na thumni yake tu. Sheikh alituuliza jambo moja: babu alipokuwa hai, saa ilikaa kwa nani? Ami akajibu mwenyewe. Ilikaa kasha la Bibi, na kila Idi babu alikuwa akimwomba amwazime.

Mabibi harusi, kama mnampa mume saa kuukuu, tazameni pia madini yake, kwani dhahabu ni haramu kwa wanaume. Maneno "Stainless Steel" peke yake ni habari njema. Yakifuatwa na "Back", chuma ni cha mfuniko tu, na mbele pana kitu chengine. Herufi SGP kwenye Seiko ni dhahabu ya kupakwa, na hapo muulizeni sheikh wenu. Na mwambieni fundi asiusugue mfuniko ung'are, namba zitafutika.

Yetu ni chuma kitupu. Iko kwa fundi inatiwa mafuta na kioo kipya. Harusi ni Mfunguo Tatu, inshaallah, na ami ndiye aliyelipia kioo.