Mgeni Aliyejipa Ufagio

Akina mama wenzangu, kuna habari moja ambayo mke akiipata, hata awe mpole namna gani, ataangalia kwanza mapazia yake: mama mkwe anakuja. Mimi niliipata mwezi wa Januari 2023, nikiwa jikoni kwangu Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, theluji iko dirishani na vyombo vya jana viko kwenye sinki. Mume wangu aliweka simu chini akacheka peke yake kama mtoto. Mimi nilianza kuhesabu mashuka.

Nyumbani Machame mgeni hupiga hodi, akakaribishwa, na kuku akaanza kukimbizwa. Ujerumani mgeni huanza kwa karatasi. Mume wangu alikwenda ofisi ya wageni na hati zake za mshahara na mkataba wa nyumba, akatia sahihi kwamba mama yake akikwama huku, serikali itamdai yeye gharama zote. Kwa sahihi hiyo alilipa euro 29. Kisha ikatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ahadi kwamba mgeni hatazidisha siku 90 katika kila siku 180. Mama alipoelezwa hayo kwa simu alinyamaza kidogo, akauliza: "Yaani mwanangu ameniwekea dhamana kama mshitakiwa?"

Alifika mwezi wa Aprili, kitambaa kichwani, koti la kuazima, na boksi limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na dagaa, ndizi mshare mbichi na chupa mbili za maziwa mgando alizozifunga kwenye kanga. Afisa wa forodha pale uwanjani alizitoa zile chupa kwa vidole viwili. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii hata kwa machozi. Matunda nayo karibu yote hudaiwa cheti cha afya ya mimea. Lakini matano yamesamehewa: nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. Basi mshare zetu zikapita kama balozi. Mama mkwe aliyatazama maziwa yake yakienda, akanong'ona, "Angalau wayanywe, wasimwage." Sikuwa na moyo wa kumwambia yanakwenda wapi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sikuwa nalo, maana tunakaa ghorofa ya tatu na shamba letu ni chungu kimoja dirishani. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na mama mkwe alijipa ufagio mwenyewe.

Hapo inanibidi nieleze jambo moja la watu wa Stuttgart. Wanalo zoea linaloitwa Kehrwoche, yaani wiki ya kufagia. Katika nyumba yenye wapangaji wengi, kila familia ina zamu yake ya kusafisha ngazi, na wiki nyingine zamu ya nje, yaani njia ya mbele na sehemu ya mapipa. Mwenye zamu huning'iniziwa kibao mlangoni ili asijisahau, na majirani wasimsahau. Inasemekana amri ya usafi kama huo ilianza katika mji huu tangu mwaka 1492. Halmashauri ya mji iliifuta sheria yenyewe mwaka 1988, lakini mikataba ya nyumba imeibeba mpaka leo. Mimi katika miaka minne pale nilikuwa nimepewa somo la ngazi mara tatu na yule bibi wa ghorofa ya chini: mara mbili kwa sababu ya kona, mara moja kwa sababu nilifagia bila kupiga deki. Zaidi ya hayo hatukuwa na mazungumzo. Nilikuwa nimekwisha mhukumu kwamba ana roho ngumu, na nilisimulia hivyo kwa wenzangu wa kwaya.

Sasa asubuhi hiyo kibao kilikuwa mlangoni pake. Mama mkwe, aliyezoea kuamka kabla ya jogoo, alikwisha kufagia ngazi zote kutoka juu mpaka chini, akapiga deki, akatoka nje akafagia na njia. Saa moja na nusu kengele yetu ililia. Nikafungua mlango na gauni la kulalia. Bibi wa chini amesimama, mkongojo mkononi, uso mwekundu. Kumfagilia mtu katika wiki yake, huku Stuttgart, ni sawa na kwenda kwa jirani yako ukamsugulia masufuria mbele ya wageni.

"Nani amesema ngazi zangu ni chafu?" aliuliza.

Nikamgeukia mama mkwe, nikatafsiri hivi: "Anakushukuru sana, mama, lakini anasema usijisumbue."

Mama mkwe hakudanganyika. Amelea watoto saba, anajua uso wa mtu aliyekasirika katika lugha yoyote. Akasema, "Mwambie juzi nilipofika nilimwona anashuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Goti lake ni bovu. Mtu mwenye goti bovu hafagii ngazi."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na jingine la kuweka mahali pake. Yule bibi alikaa kimya. Kisha akasema kwamba goti lilipasuliwa mwezi wa Novemba. Novemba! Mimi niliyepita mlangoni pake kila siku na mifuko ya sokoni nilikuwa sijaona mkongojo, au niliuona nikaharakisha.

Jioni mama mkwe alipika mtori kwa zile mshare za balozi, akajaza bakuli, akamtuma mjukuu alipeleke chini. Bakuli lilirudi Jumatatu likiwa na Maultaschen. Hizo ni kama sambusa za kuchemsha: unga mwembamba, ndani nyama, mchicha na kitunguu, zimeelea kwenye mchuzi. Watu wa huku hutania kwamba zilibuniwa ili nyama ijifiche ndani ya unga siku za Kwaresima, Mungu asiione. Mama mkwe alipoelezwa alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, kisha akauliza kama kweli waliamini Mungu haoni ndani ya sambusa.

Msidhani siku zote zilikuwa za vicheko. Tuna watoto wawili. Kaka mtu alizaliwa nikiwa sina kazi, nikamwimbia na kumgombeza kwa Kiswahili mpaka kikamkaa. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miaka sita, alikulia kwenye shule ya chekechea kuanzia asubuhi, na mimi jioni nilikuwa nasafisha ofisi za watu. Nikirudi sikuwa na nguvu ya kungoja atafute neno. Akiniambia kwa Kijerumani, namjibu, tunalala. Hivyo ndivyo lugha inavyotoka nyumbani.

Bibi alimsemesha, mtoto akamjibu kwa Kijerumani. Akamwuliza jina la mwanasesere wake, mtoto akanitazama mimi. Siku ya tano au ya sita tulikuwa jikoni wawili tu. Mama mkwe hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikuwa akimenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa: "Mwanangu, nilifikiri nimekuja kuzungumza na wajukuu. Kumbe nimekuja kuwatazama."

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Kesho yake akaanzisha shule yake mwenyewe, ambayo haikuwa na kitabu. Alikuwa kiziwi wa Kijerumani. Mtoto akitaka uji na hasemi "Bibi, naomba uji," bibi anaendelea kukoroga. Siku ya kwanza mtoto alilia, na mimi nilitaka kuingilia, mume wangu akanishika mkono. Siku ya tatu uji uliombwa. Kufika Juni binti yetu alikuwa na maneno yake ya kutosha, ila kwa kuwa mwalimu alikuwa ni bibi, karibu yote yalikuwa ya amri. Baba yake alirudi kazini akakuta kidole kimenyooshwa: "Wewe! Vua viatu! Kaa chini ule!" Alikaa akala.

Ya chupa nitayasema upesi, maana bado naona aibu. Huku chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji huwekewa amana ya senti 25. Ukiirudisha tupu kwenye mashine ya dukani unapewa hati ya fedha zako. Mama mkwe alipojua hilo hakuweza tena kupita kando ya chupa. Jumapili moja, tukitoka ibadani na nguo zetu nzuri, aliokota kumi na moja kwenye bustani mbele ya wazee wa kanisa. Jumatatu aliniwekea mezani euro 2.75 akasema ni mchango wake wa chumvi.

Safari tuliyoifanya ya maana ilitokana na yule bibi wa chini. Kumbe alizaliwa Gerlingen, mji mdogo ulio magharibi ya Stuttgart, mwisho wa reli ya mjini. Nilipomwambia mgeni wetu ametoka miguuni pa Kilimanjaro alipiga meza: "Rebmann!" Msomaji, nawe ulisoma shuleni habari za Krapf na Rebmann. Mimi niliwakariri nikapata alama, lakini sikujua kwamba Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen mwaka 1820, na kwamba yeye na Johannes Ludwig Krapf wote wawili wamezikwa Korntal, mji tunaoupita kwa treni.

Tulikwenda Jumamosi ya Juni, bibi wa chini na mkongojo wake, mama mkwe na kanga yake, watoto na mimi. Njiani niliwaeleza niliyoyasoma. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika habari zake, na wataalamu waliokaa London wakamcheka: theluji karibu na ikweta? Mwaka 1849 akarudi Machame na mizigo mingi, akitaka kuendelea mpaka Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame akaidai mizigo hiyo, zawadi baada ya zawadi, hata mgeni akaondoka mikono mitupu. Alikaa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1846 hadi 1875, akarudi kwao karibu kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa.

Mama mkwe alinisimamisha. "Rudia. Nani alimnyang'anya?"

"Mangi wa Machame, mama."

"Wetu?"

"Wenu."

Hakusema tena mpaka makaburini. Ni mahali pa utulivu, miti mirefu na changarawe iliyochanwa vizuri (nikafikiri, hata wafu hapa wana zamu ya kufagiliwa). Mimi nilisimama zaidi kwa Krapf, kwa ajili ya mkewe Rosine, asiyekuwapo hapo. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamwua yeye, na siku chache baadaye mtoto pia. Wamezikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mume akazikwa huku. Nilimshika binti yangu mkono, akaniuliza kwa Kijerumani kwa nini namminya.

Mama mkwe alifungua mkoba wake akatoa jani. Nililitambua mara moja. Ni la ule mmea wangu wa dirishani, ambao niliununua dukani kwa euro 18, na ambao siku ile alipouona alishika kiuno: "Umenunua masale? Kwa fedha?" Maana kwetu Uchagani masale ndiyo mpaka wa shamba, yanaota yenyewe. Tena ndiyo jani la kuombea msamaha. Mtu akikuletea sale, hata kama amekukosea vipi, ni vigumu kumfukuza. Asubuhi hiyo alilikata bila kuniambia. Akainama taratibu, akaliweka juu ya kaburi la Rebmann, akasema maneno ya Kimachame ambayo hata mimi, mtu wa Tanga, sikuyafahamu yote. Nilisikia "mgeni" na nilisikia "mizigo".

Bibi wa chini aliuliza ni nini. Nikamweleza. Alifikiri kidogo, akasema kwamba nyaraka za Rebmann zilizorudi huku hazikusema kama Wamachame walikuwa na goti bovu mwaka ule. Sikujua kama anatania, mpaka nilipomwona anacheka. Binti yetu naye akanyoosha kidole kwenye lile jani akamwambia kaka yake, "Wewe! Usiguse!"

Mama aliondoka mwezi wa Julai, siku ya tisini, kwa sababu mume wangu alikuwa amehesabu kwenye kalenda kila usiku kwa hofu ya ile sahihi yake. Boksi lake lilirudi na chokoleti, dawa ya magoti aliyopewa na bibi wa chini, na chupa moja tupu ya plastiki aliyokataa kuiacha.

Jumatatu iliyofuata kibao kilikuwa mlangoni petu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi ya pili, naichokonoa kona, nikasikia mlango wa chini unafunguliwa. Nikajiweka tayari kwa somo la nne. Yule bibi alitaka kujua tu mgeni anarudi lini. Nikamwambia kwa sheria ya siku 180 hawezi kabla ya mwezi wa kumi. Aliingia ndani akatoka na kalenda yake ya zamu za ngazi, akahesabu wiki kwa kidole, akaandika kitu kwa kalamu ya risasi katika wiki ya pili ya Oktoba. Nilichungulia. Alikuwa ameandika jina la mama mkwe, kwa herufi ambazo hata sisi hatuziandiki hivyo, na pembeni yake, "ngazi: mimi."