Chumba chenye friji: Safari ya kikazi Dodoma, mtoto akiwa nyumbani

Swali la kwanza nililomuuliza dada wa mapokezi halikuwa bei ya chumba. Nilimuuliza kama chumba kina friji, na kama friji hiyo inafanya kazi usiku kucha.

Akanyamaza kidogo kwenye simu. “Ya kuwekea soda?” akauliza.

“Ya kuwekea maziwa ya mtoto,” nikamjibu.

“Unakuja na mtoto?”

“Hapana. Nakuja na maziwa tu.”

Tukacheka wote wawili. Baadaye niligundua kwamba yeye pia ana mtoto mdogo, na ndiyo maana alinielewa haraka kuliko watu wengi niliowahi kuwaeleza jambo hili. Lakini ili nifike kwenye swali hilo, nilikuwa nimeshapata somo kwa gharama.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, naishi Dar es Salaam. Kwa kazi yangu Dodoma haikwepeki. Wizara ziko Mtumba, Bunge liko huko, na kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linapokaa, nusu ya watu ninaotaka kuwahoji wanapatikana Dodoma tu. Zamani safari hiyo ilimaanisha kutwa nzima ndani ya basi. Tangu treni ya SGR ianze kufika huko katikati ya 2024, unaondoka Dar asubuhi na chakula cha mchana unakula Dodoma.

Treni imefupisha njia. Usiku wa kulala mbali na mtoto uko palepale.

Kosa la Machi

Binti yangu alikuwa na miezi saba niliposafiri kikazi kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Ilikuwa Machi, siku tatu za vikao vya kamati. Mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa naye pamoja na dada anayetusaidia nyumbani.

Kaka mmoja tunayekutana naye kwenye kazi alinishauri kama wengi wanavyoshauriana: posho hailiwi hotelini. Lala gesti, kula kwa mama lishe, rudi na hela. Akanielekeza gesti ya 30,000 kwa usiku. Hoteli niliyokuwa nimeiangalia ilikuwa 70,000. Kwa usiku tatu ningeokoa 120,000. Nani angekataa?

Chumba kilikuwa kisafi, sitaki kukisingizia. Kilikuwa na kitanda, chandarua, feni na ndoo. Friji hakikuwa nayo, wala sikuwa nimefikiria kuiuliza. Ukutani, upande wa kichwani, kulikuwa na baa iliyopiga muziki hadi saa nane usiku.

Nilikamua maziwa usiku ule, nikayatazama, nikayamwaga kwenye sinki. Asubuhi hivyo hivyo. Kila ninayemsimulia ambaye amewahi kunyonyesha hukunja uso nikifika hapa. Siku ya pili niliacha kukamua, nikaona nitaokoa muda na machozi. Jioni yake titi la kushoto lilikuwa gumu kama embe bichi, lina wekundu, na mwili wote ukitetemeka kwa homa.

Mimi ndiye ninayeandika kwenye gazeti kwamba mama akiacha maziwa yajae bila kuyatoa anaweza kupata uvimbe wa titi. Nimeandika pia kwamba ukiupata hutakiwi kuacha kunyonyesha, maana maziwa yale bado ni salama kwa mtoto, na kwamba homa ikipanda umwone mtaalamu wa afya bila kusubiri. Nilijua yote hayo, na bado nikakaa na homa usiku kucha kwa sababu niliona aibu kumpigia mtu simu.

Kumwona daktari na dawa ilikuwa 46,000. Bajaji za kwenda na kurudi, 18,000. Nyumbani maziwa niliyoyaacha yaliisha siku ya pili, mama akanunua makopo mawili ya maziwa ya unga, 64,000. Jumla 128,000. Niliokoa 120,000 nikatumia 128,000, na habari niliyotumwa nikaikosa, kwa sababu siku ya tatu nilikuwa kitandani.

Bati za nyumba yetu

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sikuchukua hoteli tangu mwanzo. Jibu linaanzia mbali kidogo.

Mama yangu alikuwa mwalimu. Kila mwaka alipoitwa kusahihisha mitihani ya taifa, alikwenda akalala kwenye mabweni ya shule, vitanda vya juu na chini, walimu kwa makumi. Alirudi amekonda, na posho yake ikiwa imefungwa kwenye leso. Bati za nyumba tuliyokulia zilitoka kwenye leso ile. Ada yangu ya kidato cha kwanza pia.

Mara moja tu alipelekwa kwenye semina ya hotelini. Walilala wanne chumba kimoja ili fedha ya vyumba igawanywe. Alituletea sabuni ndogo za hoteli, zile za kufungwa kwenye karatasi, na pakiti nyembamba za sukari. Sabuni hazikutumiwa. Ziliwekwa kabatini zinukishe nguo.

Kwa hiyo mimi nikifungua mlango wa chumba cha 70,000, naziona bati. Najua wasomaji wengi mko hivyo. Posho kwetu ni ya ada, ya tofali, ya mgonjwa wa kijijini. Kulala pazuri kunafanana na wizi, hasa kwa mama aliyemwacha mtoto nyumbani. Ukipiga simu na mtoto analia, huku wewe umekaa kwenye shuka nyeupe, maneno yanakukauka.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu anyonyeshe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri. Lakini ukiwa Dodoma na mtoto yuko Dar, umbali wa kilomita 450 hivi, saa mbili hizo utazifanyia nini? Unachobaki nacho ni chumba ulichochagua.

Hoteli tatu, swali moja

Mei, binti akiwa na miezi tisa, nikatumwa tena. Safari hii nilikaa chini na kalamu.

Wakati wa Bunge la bajeti vyumba Dodoma hujaa na bei hupanda, kwa hiyo nilianza kupiga simu wiki mbili kabla. Nikabaki na majina matatu. Ya kwanza ilikuwa hoteli kubwa yenye bwawa la kuogelea, 160,000. Ya pili ilikuwa ya wastani, karibu na katikati ya jiji, 75,000. Ya tatu ilikuwa loji mpya njia ya Mtumba, 50,000, jirani na wizara, lakini jioni hakuna chakula wala duka la dawa la kutembea kwa miguu. Mtumba iko kilomita 17 hivi kutoka mjini, na giza likiingia huko unategemea bodaboda.

Bwawa sikulihitaji. Picha zake zilinivutia, sitasema uongo, nikazitazama mara mbili tatu usiku. Lakini nilichohitaji ni friji, mlango unaofungwa vizuri, utulivu, na duka la dawa jirani. Ya pili ilikuwa na vyote, na ndiyo hiyo ya dada wa mapokezi aliyecheka.

Nilipofika nikagundua jambo ambalo nawashauri mliulize mapema. Hoteli nyingi sasa umeme wa chumba unawaka ukichomeka kadi ya mlango ukutani. Ukitoka na kadi yako, kila kitu kinazimika, na friji humo humo. Nilirudi mapokezi mbio. Dada yule akanipa kadi ya pili ya kubaki imechomekwa, akasema, “Hii usimwambie mtu, dada.” Basi nimewaambia, lakini hoteli siitaji.

Alifanya na jingine. Vile vipande vya plastiki vya kugandisha kwenye kiboksi changu cha baridi, alivipeleka kwenye friza ya jikoni, akaandika namba ya chumba changu juu yake.

Kwa mzazi atakayesafiri kama mimi, haya ndiyo ninayoyafuata, na ndiyo yanayoelekezwa na wataalamu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25. Kwenye friji hukaa hadi siku nne, yakiwekwa nyuma kabisa na si mlangoni. Kwenye kiboksi cha baridi chenye barafu iliyoganda vizuri hukaa saa 24, muda unaotosha kabisa safari ya treni. Andika tarehe na saa kwenye kila kifuko. Yakishayeyuka usiyagandishe tena, na kuyapasha tumia maji ya uvuguvugu, usiyachemshe.

Chai ya moto hadi mwisho

Sasa niseme lile ambalo nilikuwa naona haya kuliandika.

Nilifurahi.

Usiku wa kwanza nilioga maji ya moto mpaka kioo kikafunikwa na mvuke. Hakuna aliyegonga mlango. Dodoma usiku wa Mei kuna kaubaridi, nikajifunika blanketi, nikakamua saa nne usiku, nikaweka friji, nikalala hadi saa kumi na moja alfajiri. Tangu nijifungue sikuwahi kulala saa saba mfululizo. Niliamka nikadhani nimechelewa mahali.

Asubuhi nilikunywa chai ya moto hadi tone la mwisho. Mzazi mwenye mtoto mdogo anajua uzito wa sentensi hiyo. Kulikuwa na supu, chapati na tunda. Nilikula nimekaa, mikono miwili. Nikaenda Mtumba kichwa kikiwa chepesi, nikauliza maswali ambayo Machi nisingeyakumbuka, nikarudi na habari mbili badala ya moja.

Jioni ya pili nilitembea hadi Nyerere Square, nikakaa dakika ishirini bila kufanya chochote. Jioni ya tatu wenzangu walinichukua kwenda kula kuku Chako ni Chako. Mchana nilipita soko la Majengo nikanunua mlenda mkavu wa kumpelekea mama. Hizo ndizo anasa zangu zote, na mlenda ndio ulikuwa wa bei ndogo kuliko vyote.

Simu za nyumbani nilipiga mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla mtoto hajalala. Siku ya pili alilia aliposikia sauti yangu. Mama akasema, “Usipige tena leo, mwanangu. Alikuwa ametulia.” Niliumia, lakini nilimsikiliza. Niliingia bafuni, nikalia kidogo, nikakamua. Chumba kizuri hakiondoi hayo. Kilinipa tu mahali pa kuyapitisha bila kuugua.

Mahesabu mbele ya mama

Alhamisi nilishuka treni Dar na vifuko tisa vya maziwa, baridi kabisa. Binti alinitazama kama mgeni kwa muda mfupi, akaficha uso begani kwa bibi yake, kisha akanyoosha mikono.

Mama alipanga vifuko kwenye friji, akivihesabu. Kisha akauliza nililoogopa.

“Chumba shilingi ngapi?”

“Sabini na tano, mama. Kwa usiku.”

Alinyamaza. Nilijua anageuza hela kuwa bati. Nikamweleza hesabu ya Machi, dawa, bajaji, makopo mawili. Nikamweleza pia kwamba hata baada ya hoteli nimebakiza kiasi, na nikampa chake. Hakukipokea mara moja.

“Shuka zilikuwa nyeupe?” akauliza.

“Nyeupe, mama. Wanazibadilisha kila siku.”

“Na ulilala peke yako, chumba kizima?”

“Peke yangu.”

Akatikisa kichwa, akachukua fedha, akaifunga kwenye ncha ya khanga. Nilimpa pia sabuni mbili ndogo za hotelini. Alizinusa, akaenda kuziweka kabatini, kwenye nguo.

Jioni, tukichambua mchele, akasema bila kuniangalia: “Safari ijayo uliza chumba chenye vitanda viwili. Tutakwenda mimi, wewe na mtoto. Wewe utakwenda kwenye Bunge lako, sisi tutakusubiri kwenye hizo shuka.”

Nimeshapiga simu. Vitanda viwili ni 95,000, na friji ipo. Nauli ya mama nitaitoa mfukoni mwangu, na nimeshakubali kwamba safari hiyo sitabakiza kitu.