Somo la Mkanda Lilivyomwelemea Mtoto

Tuliosoma shule za msingi za Tanzania miaka ya 1980 tulifundishwa usalama barabarani kwa agizo moja: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka bila kukimbia. Agizo lilikuwa sahihi, maana magari yetu hupita kushoto na la kwanza kukufikia hutokea kulia. Mkanda haukutajwa, wengi tulikwenda shule kwa miguu. Siku hizi watoto wengi wa mjini hupanda daladala, bodaboda au gari la shule, na somo limepanuka: funga mkanda, vaa helmeti, usitoe mkono dirishani. Ni hatua njema, lakini kosa la zamani limebaki palepale. Bado tunamtwika mtoto wajibu wa watu wazima.

Ushahidi upo. Mwaka 2002 Duperrex na wenzake walichambua majaribio ya kuwafundisha watembea kwa miguu, wakaona kwamba mafunzo huwaongezea watoto maarifa na huweza kubadili namna wanavyovuka, ila hawakupata uthibitisho kwamba yanapunguza majeruhi. Haishangazi: mtoto wa darasa la kwanza hajaweza kukadiria kasi ya gari, hata akikariri agizo lote. Dar es Salaam, shirika la Amend lilianzia kwenye barabara yenyewe. Liliweka matuta, vivuko, njia za miguu na alama karibu na shule, likafundisha watoto sambamba na kazi hiyo. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi wakipungua kwa takriban robo.

Watanijibu kwamba mtoto aliyefundishwa huwafundisha wazazi wake. Kwenye gari la nyumbani nakubali kabisa. Watoto wamewafanya baba wengi wafunge mkanda. Lakini ndani ya Hiace ambayo mikanda imekatwa au imesukumwa chini ya viti, na watoto wadogo wamepakatwa na wakubwa, somo hilo halina pa kushikia. Na mwanafunzi ambaye konda amempakia kwa shingo upande, kwa sababu ya nauli yake ndogo, atamwambiaje dereva apunguze mwendo? Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hakuna agizo la darasani ambalo watoto wale wangelifuata ili kulizuia gari lile.

Wengine watasema mikanda ni gharama na ada itapanda. Itapanda, ndiyo. Lakini tayari tunalipia rangi ya gari na nembo ya shule ubavuni mwake bila kulalamika. Tuendelee kuwafundisha watoto, ila kikao cha wazazi kinachopanga nauli ya gari la shule kimwulize mwenye gari mikanda mizima ni mingapi, na gari lisibebe mtoto hata mmoja zaidi ya idadi hiyo.