Picha Kumi na Mbili

Vijana wa hapa Maneromango hunishangaa wanaponiona, mzee wa zaidi ya miaka sabini, nikiinamia kamera ya Yashica-Mat, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1957. Simu zao hupiga picha mia moja kabla mimi sijamaliza kupima mwanga. Kamera hii hutumia filamu ya 120, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1901 na ambayo hata leo ingali inatengenezwa. Mkanda mmoja hutoa picha 12 za mraba, basi.

Tangu nistaafu ukuu wa shule nimekuwa nikifanya majaribio. Adui wa lenzi huku kwetu ni unyevu, maana huotesha kuvu kwenye kioo. Kwa hiyo kamera hulala ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mchele mkavu. Filamu iliyopitwa na wakati hupungukiwa na wepesi wa kuhisi mwanga, nami huiongezea mwanga. Nyingine hutoka na ukungu, nyingine hupendeza ajabu.

Faida yake ni nini? Uchache humfundisha mtu kuchagua. Kabla ya kupiga, huketi na mwenye sura chini ya mkorosho, tukazungumza hadi uso wake utulie.

Jirani mmoja alipofiwa na mama yake, simu iliyokuwa na picha zote za marehemu ilikuwa imekwisha kuibwa. Kwangu kulikuwa na negativu moja, ndani ya bahasha. Niliipeleka Dar es Salaam ikachapishwa. Ndugu msomaji, wajukuu wanamtazama bibi yao ukutani hadi leo.