Niliyemwacha Nyuma

Mwaka 2017, Walutheri duniani tulipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, usharika rafiki wa Ujerumani ulinialika pamoja na mke wangu. Siku moja wenyeji wetu walitupeleka Wittenberg, mji wa Martin Luther, wakatuacha tutembee wenyewe hadi jioni.

Wazee wa kanisa hapa Soitsambu walikuwa wameniagiza, "Mchungaji, utuletee picha za ule mlango." Basi nikashika simu, nikatangulia. Kwetu mwanamume hutangulia njiani na mkewe hufuata, na zamani ilikuwa na maana, kwa sababu ya simba na nyati. Wittenberg hakuna nyati, lakini miguu yangu haikujua.

Tulianzia Kanisa la Ngome. Mlango wa mbao ambao inasimuliwa Luther aligongomea hoja 95 tarehe 31 Oktoba 1517 haupo tena. Uliungua vitani mwaka 1760. Wa sasa ni wa shaba, wa mwaka 1858, nazo hoja zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Nikapiga picha. Ndani, karibu na mimbari, kuna kaburi la Luther. Nikapiga picha. Nikaharakisha kwenye uwanja wa soko kuona sanamu za Luther na Melanchthon, kisha Kanisa la Mtakatifu Maria alikokuwa akihubiri. Nilipogeuka ili mke wangu anipige picha na mimi, hakuwepo.

Watu walikuwa wengi. Yeye hakuwa na simu, wala hajui Kijerumani. Nilimwona askari, nikataka kumweleza ninayemtafuta, ndipo nikagundua kwamba sijui mke wangu amevaa kitenge cha rangi gani.

Nilirudi hadi Kanisa la Ngome, kisha nikashuka mtaa wote hadi mwisho wake wa pili, kwenye nyumba alimoishi Luther. Nilimkuta uani, amesimama mbele ya sanamu ya Katharina von Bora, mke wa Luther. Sanamu hiyo inamwonyesha akipita mlangoni, na pete yake inang'aa kwa kuguswa na wageni.

"Mama, nimekutafuta sana," nikasema.

Hakunijibu hilo. Akauliza, "Mchungaji, huyu mama alizika watoto?"

Nikajibu kama mwanafunzi wa chuo cha theolojia kwenye mtihani: wawili. Elisabeth mwaka 1528, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Na Magdalena mwaka 1542, akiwa na miaka 13.

"Na mume wake alikuwepo?"

"Magdalena alifia mikononi mwake," nikasema. Kisha nikanyamaza, maana nilielewa nimeulizwa nini.

Mwaka 2009 mtoto wetu wa pili alipofariki kwa malaria, mimi nilikuwa kwenye semina Arusha. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nikafika mazishi yamekwisha. Jioni ile niliongoza ibada ya faraja, nikahubiri vizuri, watu wakanishukuru. Ila sikuwahi kuketi na mama yake nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Kwa miaka minane niliwafariji wafiwa wa usharika mzima, na mfiwa wa nyumbani kwangu akinifuata kwa nyuma.

Tuliketi pale uani. Nikamuuliza, naye akanisimulia yote: homa ilipoanza, nani alikwenda kutafuta usafiri, neno la mwisho la mtoto. Nililia mbele ya wageni wa mataifa yote. Kisha tukaurudia mtaa ule polepole, bega kwa bega.

Tangu siku hiyo nasoma habari za njia ya Emau kwa namna nyingine. Bwana aliwakaribia wale wawili waliofiwa, akatembea kwa mwendo wao, akawauliza wanazungumza nini. Maandiko aliwafafanulia baadaye. Mimi nilikuwa nimeanza na mahubiri.

Picha za mlango nilizileta, wazee wakafurahi. Siku hizi tukitoka ibadani tunatembea sambamba, na wapo wanaotucheka. Ndugu yangu, kama nyumbani kwako kuna msiba uliouhubiria tu bila kuulilia, haujachelewa. Geuka nyuma, umngojee mwenzako, umuulize.